Sura ya Saba: Kunakili Hofu ya Dakika Mbili

Trela maarufu ya The Shining, filamu ya Stanley Kubrick ya mwaka 1980, ina shoti moja tu. Kamera imesimama kwenye ukumbi wa hoteli, mbele ya lifti zenye milango myekundu, na haisogei. Maandishi yanapanda taratibu, muziki unazidi kuwa mzito, hakuna anayepita. Kwa muda mrefu mtazamaji anaangalia milango iliyofungwa. Kisha damu inaanza kupenya pembeni mwa mlango, inafurika, inabeba viti, inaijia kamera mpaka inaifunika. Basi. Hakuna shoka, hakuna Jack Nicholson, hakuna neno hata moja la kueleza hadithi.

Mpe mwanafunzi simu na korido ya shule, mwambie airudie trela hiyo kama ilivyo. Atafurahi, maana shoti moja si kazi. Furaha itamwisha atakapokaa kuhariri. Milango ikae kimya kwa muda gani kabla damu haijaonekana? Akiiharakisha, wenzake darasani wanacheka. Akiichelewesha, wanaanza kuchati. Kati ya vicheko na simu kuna sekunde chache ambazo Kubrick alizipata, na hakuna mwalimu atakayemweleza mtu sekunde hizo akaelewa. Sharti azipime mwenyewe. Hilo ndilo zoezi la sura hii: kuchagua trela ya filamu ya kutisha iliyokwisha kutoka, kisha kuitengeneza upya shoti kwa shoti, kwa vifaa vilivyopo, bila kutia ujanja wako.

Nchini Uingereza trela ya kutisha ilikuwa karibu desturi ya darasa la habari na mawasiliano. Chini ya mtaala wa bodi ya mitihani ya OCR ulioanza kufundishwa mwaka 2008, wanafunzi wa A Level waliweza kuchagua kazi ya kuitangaza filamu mpya ambayo haipo: trela fupi, pamoja na viwili kati ya vitu vitatu, yaani ukurasa wa kwanza wa tovuti, jalada la jarida la filamu, na bango. Alama zilikuwa 100: 60 za kazi yenyewe, 20 za utafiti na maandalizi, 20 za tathmini. Bodi haikudai filamu iwe ya kutisha. Wanafunzi ndio walioipenda aina hiyo, na sababu zao ni za kueleweka. Filamu ya mapigano inataka magari. Ya mapenzi inataka waigizaji wazuri kweli, na hao ni adimu katika darasa lolote. Ya kutisha inataka msitu, nyumba, msichana anayejua kupiga ukelele, na giza. Uingereza mwezi wa Novemba jua linazama yapata saa kumi jioni, kwa hiyo giza linapatikana bure mara tu baada ya kengele ya mwisho.

Tatizo ni kwamba nyingi kati ya trela hizo zinafanana kama ndugu. Bembea tupu inayumba. Mwanasesere ameachwa sakafuni. Sauti ya mtoto inaimba wimbo wa chekechea polepole kupita kawaida. Maandishi meupe kwenye weusi, halafu mtu aliyejifunika kofia ya sweta anatokea nyuma ya dirisha. Vitu hivi vyote vimo katika trela halisi. The Woman in Black ya mwaka 2012, kwa mfano, ilijaza wanasesere na sauti ya mtoto, na ilitisha. Za wanafunzi hazitishi. Wao waliiga walichokumbuka, na kumbukumbu haihifadhi urefu wa shoti. Inahifadhi mwanasesere, inasahau kwamba alionekana kwa muda mfupi kuliko ulivyodhani, na kwamba kabla yake palikuwa na kimya.

Bodi hiyohiyo ilikuwa na zoezi la busara kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mtu anafungua mlango, anavuka chumba, anaketi kwenye kiti mkabala na mwenzake, wanabadilishana maneno mawili matatu. Yamekwisha. Hakuna aliyeliita sanaa, lakini waliolifanya waliondoka wanajua kwa nini kamera haivuki mstari ulio kati ya watu wawili wanaozungumza. Ukiniuliza mimi, kunakili trela kunastahili kuwekwa papo hapo, kabla mwanafunzi hajaruhusiwa kubuni yake. Mpiga udi hurudia nyimbo za mwalimu wake miaka kadhaa kabla ya kutunga zake, na hakuna anayemwita mwizi.

Kama unadhani kunakili ni kazi ya wavivu, watafute vijana wa Ikorodu, Lagos, wanaojiita Ikorodu Bois. Hawa ni ndugu walioanza kurudia video na trela za Hollywood kwa vyombo vya nyumbani na vitu vya kuokota uani. Mwaka 2020 walirudia trela ya Extraction, filamu ya Netflix iliyoongozwa na Sam Hargrave, wakaiweka sambamba na ya asili ili kila shoti ipimwe na mwenzake. Ndugu wa Russo, waliokuwa miongoni mwa watayarishaji wa filamu ile, waliiona, wakawaahidi mwaliko wa kuhudhuria uzinduzi wa sehemu ya pili. Ile ni filamu ya mapigano, si ya kutisha, lakini funzo ni lilelile. Watu walicheka kwa sababu vifaa vilikuwa duni. Walipiga makofi kwa sababu jicho halikuwa duni. Mtu anageuka wakati uleule anaogeuka Chris Hemsworth, kamera iko urefu uleule, kata imeangukia palepale.

Sasa tuingie kazini. Pakia trela ya asili kwenye programu ya kuhariri. DaVinci Resolve ina toleo la bure kwa kompyuta, na CapCut inatosha kwa simu. Iweke kwenye mstari wa juu, kisha pita na wembe wako, kata kila mahali shoti inapobadilika. Kila kipande kiandikie kwenye daftari: urefu wake, kamera iko karibu au mbali, inasogea au imetulia, mwanga unatoka upande gani, na sikio linasikia nini. Usiandike kwa sekunde peke yake. Filamu za sinema hupita fremu 24 kwa sekunde, na katika trela ya kutisha fremu sita zinaweza kuamua kama mtu atashtuka au atapiga miayo.

Orodha hiyo ikikamilika, itakushangaza. Trela ya kisasa ya dakika mbili huweza kupita shoti mia. Mwanzoni zinapumua: familia inahamia nyumba mpya, mtoto anachungulia, gari linapita barabara ya msituni. Kadiri mwisho unavyokaribia zinafupika hadi unaziona bila kuzitambua. Na katikati utakuta weusi mtupu. Weusi huo nao ni shoti, una urefu wake, na wanafunzi karibu wote huuruka wanapoandika orodha kwa sababu wanaona "hakuna kitu". Uandike. Ukiuondoa, kishindo kinachofuata kinakuwa kelele tu.

Kuhusu trela ya kuchagua, kataa mapema yoyote ambayo uzito wake umebebwa na jini la kompyuta. Utamaliza muhula ukihangaika na jini, hutajifunza chochote kuhusu hofu. Kataa pia ya The Blair Witch Project ikiwa ndiyo kazi yako ya kwanza. Inaonekana nyepesi. Daniel Myrick na Eduardo Sánchez, waliokuwa wamesoma filamu University of Central Florida, waliwapeleka waigizaji watatu kwenye misitu ya Maryland mwaka 1997, wakawapa kamera wazishike wenyewe, wakapiga picha kwa siku nane, na filamu ilipotoka mwaka 1999 iliingiza karibu dola milioni 250 duniani. Kila mwanafunzi anayesikia habari hiyo anachukua simu na kukimbia nayo kichakani. Lakini mtikisiko ule ulizaliwa na uchovu na woga wa kweli wa watu waliolala porini, na huwezi kuunakili fremu kwa fremu. Utapata video inayotia kizunguzungu.

Anza na Alien ya mwaka 1979. Kampuni ya R/Greenberg iliyochora maandishi ya mwanzo wa filamu ndiyo iliyotengeneza na trela yake ya kwanza, na mhusika mkuu ni yai. Yai linaelea gizani, linapasuka, mwanga unatoka ndani. Baadaye picha za watu wanaokimbia na nyuso zenye hofu zinapita kwa kasi chini ya mlio unaojirudia kama king'ora, hakuna anayezungumza, kisha kimya, na sentensi moja inayotukumbusha kwamba huko angani ukelele wako hausikiki. Nyumbani unahitaji yai la kuku, kitambaa cheusi, tochi, na korido nyembamba. Mwanafunzi anayeinakili anagundua jambo ambalo vitabu hulisema bila kuaminiwa: mtu anaweza kukimbizwa dakika nzima bila mkimbizaji kuonekana, na hapo ndipo hofu inapokaa vizuri zaidi.

Wenye ulimi mwepesi wachague Psycho. Trela ya mwaka 1960 inazidi dakika sita, na karibu muda wote Alfred Hitchcock mwenyewe anatembea kwenye moteli na nyumba ya juu kilimani kama dalali anayeonyesha wateja vyumba. Anaanza kueleza kilichotokea hapa, anakatiza, anakunja uso, anaendelea chumba kingine. Anafika bafuni, anaushika ukingo wa pazia, analivuta, na mwanamke anapiga ukelele. Watazamaji waliamini wamemwona nyota wa filamu, Janet Leigh. Kumbe aliyevikwa nywele za bandia ni Vera Miles. Kuirudia kunahitaji mwigizaji mmoja tu, lakini mwigizaji huyo lazima ajue kunyamaza katikati ya sentensi. Nadhani ndiyo trela ngumu kuliko zote nilizozitaja, na ndiyo inayodharauliwa zaidi na wanafunzi, kwa sababu ni mzee mnene anayezungumza.

Nusu ya muda wako iwe ya sauti. Sisemi hivi kwa kupamba. John Carpenter ameeleza jinsi alivyomwonyesha mkuu mmoja wa studio filamu yake Halloween ya mwaka 1978 kabla haijawekewa muziki, na yule mama hakutishika hata kidogo. Carpenter akaketi, akatunga muziki mwenyewe kwa siku chache, piano ikirudia noti chache kwa mapigo matano ambayo baba yake alimfundisha utotoni kwenye bongo. Picha hazikubadilika. Filamu ilibadilika.

Kwa hiyo usichukue muziki wa trela ya asili ukaubandika chini ya picha zako. Huo ndio udanganyifu pekee ninaoukataza katika zoezi hili, maana ukifanya hivyo muziki wa mtu mwingine utafanya kazi yote, na wewe utadhani ni picha zako zinazotisha. Na ukiiweka mtandaoni, mifumo ya kutambua muziki inaweza kuizuia. Tengeneza upya kila sauti. Kinanda cha simu, kamba ya gitaa iliyolegezwa, sufuria iliyopigwa kisha ikapunguzwa kasi kwenye programu: vyote vinafika mbali. Katika The Exorcist ya mwaka 1973, shingo ya msichana aliyepagawa inapozunguka, mlio unaousikia ulitoka kwenye pochi kuukuu ya ngozi yenye kadi ndani, ikikunjwakunjwa mbele ya maikrofoni na fundi wa sauti kutoka Mexico, Gonzalo Gavira. Kisu cha Psycho kilisikika kwa kuchomwa tikiti la aina ya casaba. Sokoni kwetu tikitimaji, papai bichi na kabichi vinapatikana kila siku. Vijaribu vyote, ufumbe macho, uchague kinachokukera.

Mshtuko wenyewe una historia yake. Katika Cat People ya mwaka 1942, iliyoongozwa na Jacques Tourneur kwa mtayarishaji Val Lewton, mwanamke anatembea usiku peke yake. Nyuma yake kuna hatua za viatu. Kisha hatua za nyuma zinakoma, naye anaharakisha, anageuka, haoni mtu. Tunamsubiri chui ambaye filamu imetuandaa kumwogopa. Unakuja mlio mkali kama wa mnyama, na kumbe ni basi linalofunga breki mbele yake. Mhariri Mark Robson ndiye anayesifiwa kwa ujanja huo, na tangu hapo mafundi wa filamu wameuita "basi". Angalia sauti imepangwaje: hatua mbili, hatua moja, hakuna hatua, kisha basi. Mwanafunzi anayeweka kishindo kikubwa bila kwanza kuondoa sauti ndogo moja baada ya nyingine anawaumiza watu masikio tu.

Trela za karibuni zimeongeza mbinu ya kuchukua wimbo unaopendwa na kuupunguza kasi hadi unakuwa tishio. Trela ya Us ya Jordan Peele, iliyotolewa siku ya Krismasi 2018, ilifanya hivyo kwa wimbo wa kurapu wa Luniz wa miaka ya 1990, na ilipokewa vizuri kiasi kwamba mchanganyiko ule wa trela ulipewa nafasi ndani ya filamu. Ukitaka kuinakili mbinu hiyo, rekodi wimbo wa watoto unaojulikana mtaani kwenu kwa sauti ya mwenzako. Nimesema wimbo wa chekechea umechakaa, na bado umechakaa. Ila usiourekodi wewe umechakaa zaidi.

Damu isikuchukulie muda. Psycho ilitumia sharubati ya chokoleti, kwa kuwa filamu ilikuwa nyeusi na nyeupe na chokoleti ilitiririka vizuri. Kwa picha za rangi, pika maji, sukari na wanga wa mahindi hadi vishikane, tia rangi nyekundu ya chakula na kakao kidogo; bila kakao damu inakuwa ya pipi. Damu ya mnyama usiiguse. Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, aliyetengeneza Who Killed Captain Alex? na kuifanya Wakaliwood ijulikane duniani kupitia trela yake, ameeleza kwamba mwanzoni walitumia damu ya ng'ombe mpaka mwigizaji mmoja akaugua. Wakahamia rangi ya chakula, wakiijaza kwenye kondomu zinazopasuka mwigizaji anapopigwa risasi.

Jambo moja la usalama linahitaji aya yake, kwa sababu miongozo ya Uingereza haitakusaidia. Shule za huko huwataka wanafunzi wajaze fomu ya hatari zinazoweza kutokea, na anayetembea na bunduki ya bandia barabarani anaweza kuitiwa polisi. Kwetu hatari ni nyingine. Mwaka 1995 hofu ya jini aliyeitwa Popobawa ilianzia Pemba, ikavuka hadi Unguja na Dar es Salaam. Familia zililala nje kwa makundi, na kijana mmoja mgonjwa wa akili aliuawa na watu waliodhani ndiye. Tuna filamu zetu za kutisha, kama Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi, na watu wanazitazama kwa raha sebuleni. Kijana aliyevaa sanda saa nne usiku karibu na dirisha la jirani asiyejua kuna filamu ni habari nyingine kabisa. Mwarifuni mjumbe au mwenyekiti wa mtaa, wapigieni hodi majirani, pigeni picha mapema jioni mkiifanya iwe giza wakati wa kuhariri, na makaburini msiende.

Kuna siku utaulizwa, pengine na mzazi aliyelipa ada, kwa nini muhula mzima upotee kwa dakika mbili za kazi ya mtu mwingine. Mwonyeshe trela ya Robert Ryang. Mwaka 2005 kijana huyu alikuwa msaidizi wa mhariri huko New York, akaingia shindano la wahariri lililowataka wabadilishe aina ya filamu kwa kuikata upya. Alichukua The Shining ileile. Akachagua tabasamu za Jack Nicholson, akaunganisha mwandishi mwenye msongo na mtoto anayetaka baba, akaweka chini wimbo mchangamfu wa Peter Gabriel, na ikatoka trela ya familia inayopatana na kupendana. Alishinda, na trela ikasambaa mtandaoni. Hakupiga shoti mpya. Alijua kila shoti ya Kubrick inadumu kiasi gani na inategemea sauti ipi, kwa hiyo alijua pa kuikata ili isitishe tena.

Trela yako ikikamilika kwa kulingana na ya asili, rudi nyuma ubadilishe kitu kimoja: urefu wa weusi, au sauti ya mwisho, au nani anayeonekana dirishani. Kimoja tu, ili ujue kimefanya nini. Halafu mtafute mtu ambaye hajaiona filamu ile, si rafiki aliyeshika taa, umwonyeshe kwenye chumba chenye giza na spika nzuri kidogo, nawe umtazame yeye badala ya kioo. Asiposhtuka, fungua tena mstari wa sauti kabla hujagusa picha hata moja.